Gari la michezo limegoma kuongeza spidi: soma dalili, tafuta chanzo

Kitabu cha gari kinasema 280 km/saa. Mwenye gari amelipeleka uwanja wa mbio, amekanyaga mafuta hadi mwisho, mshale umefika 251 na haupandi tena. Wengi wakifika hapo huwaza jambo moja tu, kuongeza nguvu ya injini: programu mpya ya kompyuta, turbo kubwa (feni inayosukumia injini hewa zaidi), ekzosi pana. Fedha nyingi hupotelea hapo, kwa sababu injini ni kizuizi kimoja tu kati ya vingi. Kuna kompyuta, gia, hewa, joto, breki na tairi, na kila kimoja kina namna yake ya kulisimamisha gari. Kimoja hukata ghafla. Kingine hulegeza polepole mpaka huoni tena mshale ukisogea. Kingine huja mchana wa jua kali na asubuhi hakipo. Fundi anayeijua kazi yake huuliza kwanza gari lilisimamaje, ndipo afungue boneti.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, nasa mambo manne ya wakati ule ule gari lilipoacha kuongeza: spidi, gia, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), na kama injini ilikatika au ililegea. Vipimo hivi hufanyiwa uwanja wa mbio, njia iliyofungwa au juu ya mashine ya daino (gari huzungusha magurudumu papo hapo na kupimwa nguvu), si barabara ya watu wote. Kwenye 250 km/saa gari linakula mita 69 kila sekunde. Hata dereva mwepesi akichukua sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, mita hizo 69 zimeshakwenda na gari halijaanza kupunguza mwendo.

Kwanza hakikisha spidi yenyewe ni ya kweli

Kesi nyingi huishia hapa, maana gari halina tatizo lolote. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu spidomita, inakataza spidomita kuonyesha chini ya spidi halisi, lakini inairuhusu izidishe kwa asilimia 10 na 4 km/saa juu yake. Gari linalokwenda 120 halisi linaweza kuonyesha mpaka 136 na likapita ukaguzi. Ndiyo maana aliyekuwa akiona 265 kwenye dashibodi, akifunga kipimo cha GPS akasoma 251, hana haja ya kumtafuta mchawi.

Tairi nalo huchangia. Tairi lenye kipenyo cha milimita 660 likilika milimita 6 za kashata (mpira wenye mifereji unaogusa barabara), kipenyo kinapungua milimita 12, karibu asilimia 2. Kompyuta inahesabu mizunguko ya gurudumu na haijui kwamba gurudumu limepungua, kwa hiyo kwenye 250 inakuongezea km/saa 4 au 5 ambazo hazipo. Aliyebadilisha saizi ya rimu na tairi bila kuipanga upya kompyuta hujikuta na tofauti kubwa zaidi.

Pima kwa GPS inayosoma mara 10 kwa sekunde, upime kwenda na kurudi, kisha uchukue wastani. Hii si mbwembwe. Novemba 2017 Koenigsegg Agera RS ilipokimbizwa kwenye barabara iliyofungwa huko Nevada, Marekani, upande mmoja ilisoma 436.4 km/saa na upande wa pili 457.9. Gari ni lile lile, injini ile ile, siku ile ile, na tofauti ni zaidi ya km/saa 21. Wastani wake, 447.19, ndio uliohesabiwa. Mteremko ambao jicho halioni unatosha kukudanganya: mwinuko wa asilimia 1 tu hulinyang'anya gari la kilo 1,500 karibu 6 km/saa likiwa kwenye 250.

Na usiamini namba iliyo kwenye skrini bila kuihakiki kwa hesabu ya pili. Oktoba 2020 kampuni ya SSC ya Marekani ilitangaza kwamba gari lake la Tuatara limefikisha wastani wa 508.73 km/saa. Watazamaji wakaichukua video, wakapima muda ambao gari lilitumia kutoka alama moja ya barabarani hadi nyingine, na hesabu ikakataa. Mwaka 2021 kampuni yenyewe ilikiri kwamba spidi hiyo haikufikiwa.

Spidi inakatwa ghafla, kila mara kwenye namba ile ile

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote. Gari linavuta vizuri, halafu likifika 250, au 209, au 180, linazuiliwa. Hakuna mlio wa ajabu, hakuna taa. Ukipita kwenye mteremko haliongezi hata 1, na RPM ziko mbali na mstari mwekundu (mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa kwa injini). Hicho ni kikomo kilichowekwa kwenye kompyuta, na kiliwekwa kwa makusudi.

Sababu ya kwanza ni makubaliano ya viwanda. Watengenezaji wakubwa wa Ujerumani walikubaliana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kuyazuia magari yao mengi yasipite 250 km/saa. Japani, magari ya soko la ndani huzuiwa kwenye 180. Nissan GT-R ya kizazi cha R35 iliyouzwa Japani inalifuata sharti hilo barabarani, lakini GPS yake ikitambua kwamba gari liko ndani ya uwanja wa mbio uliosajiliwa, dereva anaweza kukifungua kikomo. Kwa hiyo aliyenunua gari lililotoka Japani likagoma kwenye 180 hana haja ya kushusha injini.

Sababu ya pili ni tairi, na hapa ndipo watu hufanya papara. Bugatti Veyron Super Sport ya 2010 ilifikisha 431 km/saa kwenye rekodi, lakini magari waliyouziwa wateja yalifungwa kwenye 415 ili kuzilinda tairi. Mtengenezaji mwenye tairi zilizotengenezwa mahsusi kwa gari hilo moja aliona km/saa 16 za juu hazistahili hatari hiyo. Kabla hujamwambia fundi aondoe kikomo, jiulize kilikuwa kinalinda nini. Mara ni tairi, mara ni breki za toleo la bei ya chini. Mara nyingine ni propela shafti ndefu (chuma kinachopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma), ambayo ikifika mizunguko fulani huanza kutikisika mpaka inajing'oa. Kikomo kikitoka, kile kilichokuwa kinalindwa hakijabadilika.

Ikiwa kikomo kimejitokeza ghafla kwenye gari ambalo jana lilipita hapo, angalia mengine. Kuna magari yenye menyu ya tairi za majira ya baridi ambapo mtu huweka kikomo chake mwenyewe akasahau. Mengine yana bawa la nyuma linaloinuka lenyewe. Mota yake ikifa, gari hutoa onyo au hupunguza spidi. Na ikiwa gari limekwama kwenye 120 au 140 huku limezubaa, hiyo ni hali ya kujilinda: chomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu (alama ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi) usome iliyoandikwa, kwa sababu hakuna lingine la kukisia.

RPM zinagonga mstari mwekundu ukiwa gia ya mwisho

Injini ina nguvu, inalia kwa furaha, lakini imefika mwisho wa mizunguko na gia ya kupandisha haipo. Hapa gia ndiyo inayozuia, na hesabu yake inafanyika kwenye karatasi. Chukua RPM za mwisho, gawanya kwa uwiano wa gia ya mwisho ukizidishwa na uwiano wa difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kisha zidisha kwa mzingo wa tairi. Mfano: RPM 7,000, gia ya 6 yenye uwiano wa 0.85, difu 3.9, mzingo wa tairi mita 2. Utapata mizunguko 2,112 ya gurudumu kwa dakika, yaani mita 4,223 kwa dakika, yaani 253 km/saa. Gari hilo halitapita 253 hata ukilifungia injini ya ndege.

Hii huwapata sana waliobadilisha difu wakaweka fupi ili gari lichanganye haraka likitoka kwenye kona. Wamepata walichotaka, na wamelipia kwa spidi ya mwisho. Tairi zenye kipenyo kidogo hufanya vivyo hivyo.

Mfano maarufu kuliko yote ni McLaren F1. Mwaka 1998 Andy Wallace aliikimbiza kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien, Ujerumani, wenye mstari mnyoofu wa karibu kilomita 9. Kikomo cha injini cha kawaida kilikuwa RPM 7,500. Kilipandishwa hadi 8,300, na gari likafikisha wastani wa 386.4 km/saa. Nguvu za kwenda mbio hizo zilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni nafasi ya RPM.

Lakini McLaren walijua kila kipande cha injini yao. Usipandishe RPM za injini yako kwa sababu tu kompyuta inakubali. Springi za valvu zikishindwa kurudisha valvu kwa wakati, pistoni inaikuta valvu ikiwa bado wazi, na injini inaisha sekunde hiyo hiyo.

RPM ziko chini na gari linaonekana kuchoka

Hapa kuna kinyume chake. Uko gia ya 6 au ya 7, spidi imesimama, na RPM ni 4,900 wakati nguvu ya juu ya injini hupatikana 6,800. Rudisha gia moja. Gia za juu za magari mengi ya kisasa zimewekwa kwa safari ndefu na kuokoa mafuta, si kwa kutafuta spidi ya mwisho. Chevrolet Corvette ya kizazi cha 5 yenye giaboksi ya mkono ina gia ya 6 yenye uwiano wa 0.50, spidi yake ya mwisho hupatikana kwenye gia ya 5. Dereva anayeipandisha hadi 6 kwa kudhani namba kubwa ndiyo mbio zaidi atashuhudia spidi ikishuka mbele ya macho yake.

Spidi inalegea polepole, RPM ziko mahali pake, injini nzima

Huu ni ukuta wa hewa, na ndio ulio mgumu kuliko vyote. Kutoka 200 hadi 230 gari linakwenda vizuri. Kutoka 230 hadi 240 linachukua mstari mzima. Baada ya hapo mshale unapanda kwa nywele. Hakuna kilichoharibika: nguvu yote inayofika magurudumuni imeishia kusukuma hewa.

Tuhesabu kabisa. Chukua gari la kilo 1,500, lenye uso wa mbele wa mita za mraba 1.9 na kigezo cha umbo (namba inayoonyesha jinsi umbo linavyokinza hewa) cha 0.32, kwenye usawa wa bahari. Likiwa 250 km/saa, hewa inalisukuma nyuma kwa nguvu ya nyutoni 1,800 hivi. Msuguano wa tairi na barabara ni nyutoni 220 tu. Ukijumlisha, magurudumu yanahitaji kilowati 140, na ukiongeza zile zinazopotelea kwenye giaboksi na difu, injini itoe kama kilowati 165, karibu farasi 220. Gari hilo hilo likitaka 300, injini inatakiwa itoe kilowati 275, karibu farasi 370. Km/saa 50 za mwisho zimekula farasi 150. Sababu ni kwamba ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa spidi, na nguvu ya kuushinda hukua kwa mchemraba.

Geuza hesabu hiyo uone maana yake mfukoni: ukiongeza nguvu ya injini kwa asilimia 10, spidi ya mwisho inapanda asilimia 3 tu. Gari la 300 linakuwa la 309. Lakini ukipunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 10 unapata karibu kiasi hicho hicho bila kuigusa injini. Kwa hiyo mtu aliyekwama kwenye ukuta wa hewa, ningemwambia ainame chini ya gari kabla ya kwenda kwa mtu wa kompyuta za injini. Angalia plastiki bapa zinazofunika tumbo la gari. Fundi aliyemwaga oili alizifungua, akarudisha nusu ya bolti, upepo ukang'oa kona ya mbele, na sasa kipande kimening'inia kikikinga hewa inayopita chini. Ukiona ukingo wa mbele umelambwa na lami au bolti hazipo, anza hapo. Kisha dirisha: likiwa wazi kwenye spidi hizo hewa inaingia na kuvurugika ndani. Halafu angalia tairi pana zilizotokeza nje ya bodi, na springi zilizoinuliwa.

Kisha njoo kwenye bawa la nyuma, ambalo watu hulifunga wakidhani linaongeza mbio. Porsche wametoa somo zuri kwa magari mawili ya kizazi kimoja cha 911, cha 992. GT3 ya kwanza ya kizazi hicho ina farasi 510 na, ikiwa na giaboksi ya otomatiki ya PDK, inafika 318 km/saa. GT3 RS ina farasi 525, na inafika 296. Ina nguvu zaidi, na ni ya polepole kwa km/saa 22. Farasi wa ziada na zaidi wamekwenda kwenye bawa kubwa na mikato ya bodi inayoshindilia gari chini kwa uzito wa kilo 860 likiwa kwenye 285 km/saa. Kwenye kona RS inamwacha ndugu yake mbali, na waliolitengeneza walikuwa wanafukuza muda wa mzunguko, si namba ya kwenye mstari mnyoofu. Wewe je, unafukuza kipi? Jibu lako ndilo linaloamua kama bawa hilo ni kosa au ni chaguo sahihi.

Kuna jambo la mwinuko ambalo hueleweka vibaya. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho, lakini ukinzani wa hewa nao umepungua kwa kiasi hicho. Matokeo ni kwamba gari linachelewa sana kuchanganya, ila spidi yake ya mwisho inashuka kidogo tu, kwa sababu msuguano wa tairi na wa ndani ya injini haukupungua. Injini ya turbo ambayo bado inaweza kushikilia presha yake huko juu inabaki na nguvu karibu yote, na hewa ya mbele ni nyepesi, kwa hiyo spidi yake ya mwisho inaweza hata kupanda. Ukiona gari la turbo nalo limepoteza spidi nyingi kwenye mwinuko, usilaumu hewa. Turbo limefika mwisho wa uwezo wake, au kuna bomba linalovuja.

Asubuhi linafika, mchana halifiki

Gari lenye spidi inayobadilika na saa lina tatizo la joto au la mafuta. Kukimbia kwa spidi ya juu ni kazi ya tofauti kabisa na kuongeza mwendo kwa sekunde 5. Injini inatoa nguvu yake yote bila kupumzika, na joto linajikusanya. Bugatti Veyron ya 2005 ilipewa rejeta 10 ili iweze kubeba kazi hiyo, na bado kwa spidi yake ya mwisho ya 407 km/saa tangi lake la lita 100 linakauka kwa dakika kama 12. Mafuta yote hayo yameungua, na sehemu kubwa ya nguvu yake imetoka kama joto.

Funga kifaa cha kurekodi data za injini, endesha, kisha kaa chini usome mistari. Tafuta joto la hewa inayoingia kwenye injini, presha ya turbo, taimingi (wakati plagi inapowasha mafuta), na presha ya mafuta kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli). Mstari wa kawaida wa tatizo hili unakwenda hivi: hewa inayoingia ilikuwa digrii 35 mwanzo wa mstari mnyoofu, mwisho wake ni 65, taimingi imerudishwa nyuma digrii 6, presha ya turbo iliyoombwa ni bari 1.2, iliyopatikana ni 0.95. Intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imejaa joto, sensa za kugonga (zinazosikia mafuta yakilipuka vibaya ndani ya injini) zimeanza kulalamika, na kompyuta inapunguza nguvu ili pistoni zisitoboke. Injini imejiokoa yenyewe. Safisha intakula na rejeta, maana wadudu, majani na vumbi huziba mapezi yake. Hakikisha mifereji ya hewa imefungwa sawasawa, na tumia mafuta yenye okteni ambayo mtengenezaji ameitaja. Mafuta ya okteni ndogo huleta dalili hii hii hata asubuhi.

Presha ya mafuta ikishuka tu pale RPM na mzigo vinapokuwa juu kabisa, mtuhumiwa ni pampu au chujio. Pampu iliyochoka inalitosheleza gari mjini na hata safarini. Inashindwa pale injini inapoomba mafuta yote kwa mkupuo. Hapa usiendelee kujaribu. Injini inayokosa mafuta chini ya mzigo mkubwa huchoma valvu na pistoni upesi sana.

Ekzosi iliyoziba hufanana na hali hii, ila haijali asubuhi wala mchana. Katalitiki (kisafisha moshi cha ekzosi), mafundi wengi huiita masega, ikiyeyuka kwa ndani inaziba njia, na gari linakosa pumzi kadri RPM zinavyopanda. Toa sensa ya oksijeni iliyo mbele yake, funga geji ya presha kwenye tundu hilo, pandisha RPM hadi 2,500. Geji ikipita psi 3, njia imeziba. Masega huyeyuka kwa sababu, kwa kawaida plagi au koili iliyokuwa ikiacha mafuta yapite bila kuungua, kwa hiyo ukibadilisha masega bila kutafuta sababu hiyo utarudi kwenye duka lile lile.

RPM zinapanda, spidi haipandi

Klachi inateleza. Thibitisha kwa kulinganisha RPM na spidi ya GPS kwenye gia moja: uwiano wake haubadiliki kamwe gari likiwa zima. Kwenye giaboksi ya otomatiki, tafuta kama kufuli ya toko konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inashika. Gari lenye nguvu nyingi na tairi zilizolika linaweza pia kuzungusha magurudumu ya nyuma hata kwenye spidi kubwa; data ya spidi ya kila gurudumu itakuonyesha.

Kitu kinalishika gari

Endesha bila kukanyaga breki kwa dakika chache, simama taratibu, kisha pima joto la kila rimu kwa kipima joto cha mwanga. Tatu zikiwa digrii 45 na moja 90, kalipa (kishikio cha breki) ya gurudumu hilo haiachii, au beringi inakufa. Pima pia alaimenti (mwelekeo wa magurudumu): magurudumu ya mbele yanayotazamana kupita kiasi yanasuguana na lami kila mita ya safari, na ukingo wa tairi utakuonyesha kwa kulika upande mmoja.

Gari la umeme

Dalili ni chache kwa sababu vizuizi ni vichache. Mengi yana gia moja tu, kwa hiyo mizunguko ya mota ndiyo inayoamua. Porsche waliipa Taycan gia mbili kwenye ekseli ya nyuma ili ya pili ibebe spidi kubwa. Kingine ni betri kupata joto na kupunguza nguvu baada ya mbio mfululizo. Na kikomo cha kompyuta kipo hapa pia: Tesla Model S Plaid ilihitaji kifurushi cha uwanja wa mbio, chenye breki za kaboni na tairi zinazostahili, ndipo ikaruhusiwa kwenda 322 km/saa kwa mota zile zile.

Gari linafika, lakini linaelea

Usukani umekuwa mwepesi, gari linatafutatafuta njia, na mkono unataka kupunguza mwendo kabla mguu haujakubali. Sikiliza mkono. Hewa inayopita juu ya paa la mviringo inaweza kuinua sehemu ya nyuma ya gari. Audi TT ya kwanza, iliyotoka 1998, ilikuwa na nyuma ya mviringo bila bawa, na baada ya ajali za spidi kubwa huko Ujerumani magari yaliitwa karakana, yakafungwa bawa dogo la nyuma na kurekebishwa mfumo wa kuning'inia. Injini haikuguswa.

Kwenye gari lako, angalia shokapu, bushi za nyuma, na uwiano wa mbele na nyuma. Aliyefunga mdomo mkubwa wa mbele bila kuongeza chochote nyuma ameishindilia pua na kuiacha nyuma nyepesi. Kwenye 120 hutaijua tofauti hiyo. Kwenye 240, wakati wa kubadilisha njia, utaijua.

Tairi, kabla na baada ya kila jaribio

Soma herufi iliyo ubavuni. H ni 210 km/saa, V ni 240, W ni 270, Y ni 300, na Y iliyowekwa ndani ya mabano ni zaidi ya 300. Herufi hiyo ina sharti la mzigo: tairi la Y hubeba uzito wake kamili mpaka 270, na likifika 300 limebaki na asilimia 85 ya uwezo huo. Kwa hiyo gari zito linaweza kulishinda tairi ambalo herufi yake inatosha.

Kwenye 300 km/saa kila gramu moja ya mpira kwenye uso wa tairi inavutwa kutoka katikati kana kwamba ina uzito wa kilo 2. Upepo ndani ya tairi ukiwa mdogo, ubavu unajikunja na kukunjuka mara zaidi ya 40 kwa sekunde, wimbi linajitokeza nyuma ya sehemu inayogusa ardhi, joto linapanda, na nyuzi zinaachana na mpira. Dereva huwa hapati onyo lolote. Weka presha ambayo kitabu kimeitaja kwa spidi kubwa, ambayo kwa kawaida ni tofauti na ile ya kila siku, na uipime tairi zikiwa baridi. Soma tarehe ya kutengenezwa: namba nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Baada ya kukimbia pitisha kiganja ubavuni ndani na nje ukitafuta uvimbe. Tairi lililotobolewa na msumari likazibwa halifai tena kwa kazi hii, hata kama halivuji na kashata yake ni mpya. Liendeshe mjini, na siku ya kupima spidi funga jingine.